Injinia Ngigi na Flashi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mdomo wangu umeniponza tena. Au umeniinua. Nitajua kesho.

Jana nilikuwa Njoro kwa kina Winrose. Winrose ni mchumba wangu, mwalimu wa chekechea, mwanamke wa pekee Nakuru nzima anayecheka mizaha yangu kabla sijaimaliza. Jumamosi ya wiki ijayo wazee wetu wataenda kwao kwa koito, kuomba mke rasmi, na blanketi na mbuzi na hotuba. Kwa hivyo jana nilienda kusalimia tu na kuonekana mtu wa maana.

Babake, Mzee Kimaiyo, ni mwenyekiti wa ushirika wa maziwa. Mrefu, maneno machache, kofia haitoki kichwani hata wakati wa sala. Tangu anifahamu huniita "yule wa macharja." Ni kweli nina kioski cha vifaa vya simu pale mtaa wa Rhonda, Nakuru. Macharja, makava, iafoni, flashi. Lakini mtu ana jina. Mimi ni Ngigi.

Tukinywa chai, mzee akaanza kuilalamikia kompyuta ya ushirika. Alisema ukiiwasha asubuhi unaweza kwenda kukamua ng'ombe, ukarudi, ukaikuta bado inazungusha kile kiduara. Wakulima wanangojea stetimenti zao dirishani wakichomwa na jua. Karani wa ushirika, Kibii, amesema dawa ni kununua memori mpya na diski mpya. Kamati imesema itajadili. Kamati inajadili tangu Pasaka.

Hapo mdomo ulijifungua wenyewe. Nikasema, "Mzee, hiyo haihitaji memori. Inahitaji flashi tu."

Mzee aliweka kikombe chini, akanigeukia mwili mzima. Hajawahi kunigeukia mwili mzima.

"Flashi? Hii ya kuwekea nyimbo?"

Nikaeleza. Kompyuta yenye memori ndogo ni kama mama mwenye meza ndogo jikoni. Kila akitaka kisu lazima aende stoo. Sasa mwekee stuli hapo kando. Vile vitu vya kila saa vinakaa kwa stuli, stoo anaenda mara mojamoja. Flashi ndiyo stuli. Mzee alisema hakuna mtu amewahi kumweleza kompyuta akaelewa. Akaniambia nije ofisini Jumanne.

Hayo yote niliyaona kwa video kwenye simu. Sikuimaliza. Bando iliisha ikifika pale jamaa anasema, "Lakini kabla ya kufanya hivi..."

Jumanne, 5 Agosti

Fedheha.

Nilifika ushirika na mfuko mzima wa flashi mpya kutoka kioski changu, bado ziko kwa pakiti. Kibii alikuwa ameketi mezani na tai shingoni. Tai! Kwa ofisi inayonuka maziwa lala! Diploma yake ya kompyuta ameitundika ukutani, juu ya kalenda ya kampuni ya chakula cha ng'ombe. Alinipisha kiti, akaniuliza kama nitakunywa chai. Adabu yake hunikera kuliko matusi.

Tuliwasha kompyuta. Tulitoka tukaangalia maziwa yakipimwa. Tulirudi. Kiduara. Tukatoka tena.

Hatimaye ilifunguka. Nikachomeka flashi, nikabonyeza pale juu yake, nikaingia kwa sifa zake, nikapata kile kichupo kimeandikwa ReadyBoost, ndiyo ile stuli yenyewe. Mikono ilikuwa imara kama ya daktari. Kompyuta ikaipima ile flashi, ikafikiri, ikatoa jibu: kifaa hiki hakina kasi ya kutosha kwa kazi hii.

Nikachomoa. Nikaweka ya pili. Jibu lile lile. Nikaweka ile ya rangi ya dhahabu ninayouzia watu wa harusi. Ikakataliwa hata upesi zaidi. Katika biashara hii nimetukanwa na wateja, makanga na askari wa kaunti. Kompyuta ilikuwa haijanitukana bado.

Kibii aliokota moja, akaijaribu kwa laptopu yake, kisha akaniambia polepole kwamba imeandikwa giga sitini na nne nje lakini ndani ni nne. Aliuliza ninanunua wapi. Nilimwambia ni baridi ya Njoro. Baridi hufanya vitu vijikunyate. Alitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Kibii ni mtu mbaya sana.

Mzee alipita akauliza tumefika wapi. Nikasema tuko hatua ya majaribio.

Winrose ameniambia kwa simu ninunue tu flashi ya ukweli. Kutoka kwa nani? Mwenye flashi za ukweli Rhonda ni Waithera, anayetazamana na kioski changu. Akiniuzia flashi, kesho mtaa mzima utajua. Heri nife.

Jumatano, 6 Agosti

Mungu si Athumani, wala si Kibii!

Leo nilirudi Njoro bila mpango wowote. Nikapitia nyumbani kwa kina Winrose kwanza kwa sababu Mama Winrose hapikii mtu kidogo. Nikiwa nakula, mama mwenyewe akaniletea flashi. Nyeusi, ndogo, nzito mkononi. Zawadi ya mtoto wao aliye ng'ambo. Akaomba nimwekee nyimbo za kwaya za kupiga siku ya koito, kwa sababu mimi ndiye mtu wa mambo hayo. Alisema, "Humo ndani kuna vitu vya maana, Ngigi. Tafadhali usiipoteze."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, ili mtu akija kuniuliza baadaye, ajue niliambiwa nini. Nisiipoteze. Sijaipoteza. Najua ilipo. Iko nyuma ya kompyuta ya ushirika.

Kibii alikuwa ametoka kwenda chakula. Nikachomeka. Kompyuta ikaipima. Ikakubali! Nilipiga kofi la furaha mpaka mama mmoja dirishani akaniuliza kama stetimenti yake imetoka.

Shida ndogo tu. Flashi ilikuwa imejaa. Stuli haiwezi kuwa stuli kama imejaa vyombo vya mtu. Nikafungua kuona ni nini. Kulikuwa na folda moja kubwa imeandikwa KOGO. Nilicheka. Mtu alitaka kuandika LOGO. Nikajua ni mambo ya ushirika, zile alama za kubandika kwa mitungi. Nikajaribu kuinakili kwa kompyuta, ikaniambia ningoje lisaa. Na nje nikasikia sauti ya Kibii akisalimia watu mmoja mmoja kama mwanasiasa.

Nikafomati.

Baada ya hapo kompyuta ikapendekeza kiasi cha nafasi ya kutumia, sehemu ndogo tu ya flashi. Sikubishana nayo. Nikabonyeza, ikakubali, nikaketi nimekunja nne. Kibii akaingia. Nikamwambia kazi imekwisha, aende akaendelee na diploma yake.

Logo zinaweza kuchorwa tena.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya ushindi! Kamati nzima ilikuwepo. Mzee mwenyewe alibonyeza daftari la maziwa la kompyuta, na likafunguka kabla hajavaa miwani. Alibonyeza tena akidhani imekosea. Ikafunguka tena!

Kwa haki, haikuwa kama umeme. Bado ina kikohozi chake. Lakini kutoka kwa kobe tumefika kwa bata, na bata anayeharakisha. Foleni ya dirishani ilikwisha kabla ya chai. Mama mmoja alitazama stetimenti yake, akauliza kama kuna mtu amekufa, mbona leo mambo ni mepesi.

Kibii alisema flashi husaidia kidogo kwa mashine ya zamani kama hii, lakini si dawa, na mtu akiichomoa mambo yatarudi vile vile. Hakuna aliyemsikiliza. Mzee alinipiga bega. Ana mkono mzito, bado naumwa. Akaiambia kamati, "Huyu ni injinia wetu."

Injinia wetu! Nimeliandika mara mbili nilione vizuri. Injinia wetu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimechora kibao kipya kwa kioski: INJINIA NGIGI, KOMPYUTA YAKO ITAKIMBIA. Waithera amekisoma akiwa kwake, akashika kiuno, akacheka. Wivu.

Mteja wa kwanza: Mwalimu Rahab wa sekondari, na laptopu mpya kabisa. Alisema haina shida, alitaka tu kuona kama inaweza kukimbia zaidi. Nikampa dakika kumi za maelezo, meza, stuli, stoo. Watu wakakusanyika. Nikachomeka flashi niliyoazima kwa rafiki. Laptopu ikajibu kwamba ina kasi ya kutosha, hakuna faida ya kuongezewa.

Watu walicheka mpaka mtu wa mahindi akaacha moto wake akaja kuuliza. Nikamwambia Mwalimu Rahab kwamba nimemfanyia uchunguzi na nimempata mzima, hata hospitalini mtu hupimwa akaambiwa hana ugonjwa. Akasema asante, akaondoka akiwa ameshika mdomo.

Nimepunguza kibao. Sasa kinasema ITAKIMBIA (ZA ZAMANI).

Jumamosi, 9 Agosti

Siwezi kuandika vizuri.

Winrose alipiga simu asubuhi, sauti tamu. Alisema mama anaulizia ile flashi, amechoka kungoja. Nikasema iko salama, nyimbo zinaendelea kuingia. Akasema nyimbo si haraka, wanachotaka ni zile video za shosh.

Nikauliza video gani za shosh.

Shosh ni nyanyake Winrose, mamake Mzee Kimaiyo. Alifariki mwaka jana mwezi wa Novemba. Mimi nilimwita shosh, vile tunaita kwetu, na Winrose akiwa na mimi humwita shosh pia, kunifurahisha. Kumbe alipoanza kuugua, Mama Winrose alikaa naye miezi akimrekodi kwa simu. Nyimbo za kubembeleza watoto, hadithi, majina ya mababu. Na mwisho kabisa, akiwa kitandani, alirekodi baraka ya Winrose, ya kupigwa siku atakapoposwa, kwa sababu alijua hatakuwepo. Simu ya mama ilianguka kwa pipa la maziwa mwezi wa Februari. Kilichobaki ni flashi.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, hizo video zimeandikwaje.

Winrose akasema, "Si zimeandikwa tu Kogo. Kogo ni nyanya, Ngigi. Mwaka mzima na nusu na hujui kogo ni nani?"

Nimekaa kwa stuli ya kioski tangu wakati huo. Mteja aliniomba charja nikampa kava.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Nilikuwa nafikiri. Na nikapata!

Kitu wanachotaka ni nini? Sauti ya nyanya akibariki. Nyanya wote husikika karibu sawa. Kuna mathe anayeuza mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu, karibu na stendi, anaitwa Chelimo, mzee sana, sauti yake ni ile ile kavu ya upendo. Ningemrekodi sauti tu, bila picha. Ningesema picha imeharibiwa na baridi.

Nikamfuata. Nilinunua mursik kwanza, nikaisifu. Nikamwomba anisaidie jambo dogo la kifamilia, anene baraka kwa simu yangu. Akafurahi sana. Akauliza baraka za nani. Nikasema za msichana fulani. Akauliza aseme yeye ni nani. Nikasema aseme yeye ni nyanyake. Akauliza nyanya mwenyewe yuko wapi.

Sijui kwa nini nilisema ukweli. Ni yale macho.

"Amekufa?" akasema. "Unataka niongee kama maiti?"

Nikaanza kueleza meza na stuli. Akauliza ni koito ya boma gani. Nikasema kwa Kimaiyo, Njoro. Akasimama. Kumbe yeye na shosh waliolewa mwaka mmoja, wakachota maji mto mmoja, wakazikiana waume! Alishika ile fimbo ya kusafishia vibuyu akanipiga nayo mgongoni mbele ya watu wa Mungu wanaotoka kanisani. Ina nywele ngumu ile fimbo. Nimekimbia stendi nzima na mursik kwa shati.

Nilipogeuka alikuwa ameshatoa simu yake na anatafuta namba.

Jumatatu, 11 Agosti

Winrose alikuja kioski mwenyewe. Nilikuwa nimeandaa maelezo matatu. Hakuuliza hata moja. Aliketi kwa stuli ya wateja akalia kama mtu aliye peke yake. Sijawahi kumwona akilia. Waithera kutoka ng'ambo ya barabara aligeuza uso, hakucheka.

Alisema kitu kimoja tu. "Ungeniambia Jumamosi tungelia pamoja."

Halafu akaenda.

Nilifunga kioski. Nikashusha kibao. Nikaenda Njoro moja kwa moja, si nyumbani, sikuthubutu, nikaenda kwa ofisi ya ushirika, kwa Kibii. Nikamwambia yote. Nilitegemea atabasamu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa tabasamu lake. Akaniuliza tu kama flashi imewahi kuandikwa kitu kingine baada ya kufomatiwa. Nikasema kompyuta imekuwa ikiitumia tangu Jumatano. Injinia wetu ameiweka hapo.

Kibii alivua tai. Hapo ndipo niliogopa kweli.

Aliichomoa ile flashi taratibu, akaiweka kwa laptopu yake, akawasha programu ya kutafuta vilivyofutwa. Alisema kufomati kwa haraka ni kama kung'oa vibao vya majina shambani. Mazao bado yapo, ila hujui ni ya nani, na pale kompyuta imelima upya, hakuna kitu. Kwa bahati nilikuwa nimeiachia sehemu ndogo tu ya kulima. Aliniambia nitoke nje kwa sababu nilikuwa napumua sana.

Dirishani wakulima walikuwa wameanza kulalamika. Kompyuta imerudi kuwa kobe.

Alhamisi, 14 Agosti

Kibii amekuwa akifanya kazi hiyo kila baada ya saa za ofisi. Mimi humletea chai na mandazi. Sasa najua anapenda sukari nyingi. Sasa najua pia kwamba tai ni ya marehemu babake. Sikuuliza, alisema tu.

Nyingi zimerudi! Hazina majina, zina namba. Wimbo wa ndama, hadithi ya fisi, majina ya mababu, zote nzima. Lakini ile ya baraka, ile yenyewe, imeliwa. Shosh anaanza kuita jina la Winrose, anameza mate, kisha ni miraba ya rangi na sauti kama bisi zikipasuka. Kibii ameijaribu kila namna. Ameniambia imekwisha.

Mama Winrose hajaongea na mimi. Mzee alituma ujumbe mfupi. Koito iko pale pale kwa sababu wageni wameshaalikwa na mbuzi haahirishwi. Lakini wazee wetu wakishamaliza kusema, yeye ana swali moja, na ataliuliza mbele ya watu.

Nilimpigia baba mdogo Njuguna, msemaji wetu. Nikamwambia kuna swali. Akauliza kama liko kwa mahari. Nikasema hapana. Akasema basi Mungu atusaidie.

Jumamosi, 16 Agosti

Nitaandika yote kabla sijalala usingizi wa furaha au wa kuzimia.

Sebule ilijaa. Wazee wao upande wa dirisha, wetu upande wa kabati. Baba mdogo Njuguna alisema kwa ufundi, tumeona ua katika boma hili na kadhalika, watu wakaitikia. Kisha Mzee Kimaiyo akasimama. Hakupaza sauti.

"Huyu kijana alipewa sauti ya mama yangu aiweke. Akaifuta ili kompyuta ikimbie. Sasa anataka nimpe mtoto wangu amweke. Nauliza wazee wa Nakuru: nimpe kwa nini?"

Baba mdogo alikohoa. Akakohoa tena. Nilimtazama Winrose, naye alikuwa anatazama mikono yake.

Nikasimama mwenyewe. Nilikuwa na maelezo ya stuli tayari kwa ulimi. Sikuyatoa. Nikasema tu kwamba niliogopa kuonekana bure mbele yake, na kwamba Kibii amerudisha alichoweza. Nikaketi. Ndiyo hotuba fupi zaidi nimewahi kutoa, na sikupigiwa makofi.

Kibii akachomeka flashi kwa televisheni. Alitaka waone vilivyopona. Alianza na baraka, kwa heshima. Shosh akatokea, mto mweupe nyuma yake. Akaita, "Winrose." Kisha miraba. Bisi. Mama Winrose alijifunika uso na leso. Mzee alishika ukingo wa kiti. Nikatafuta mlango kwa macho.

Televisheni ikaendelea yenyewe na video iliyofuata. Video ambayo hakuna mtu aliyeitarajia, hata Kibii hakuwa ameifungua. Shosh yuko jikoni, anapukusa maharagwe, hajui kama anarekodiwa. Anaongea Kikalenjin, na chumba kizima kikaanza kutingishika mabega. Mimi sikuelewa kitu. Baba mdogo vilevile. Ndipo Mzee Kimaiyo akaanza kututafsiria, neno kwa neno, kwa ile sauti yake ya mikutano ya ushirika.

"Anasema, yule kijana wa macharja. Redio aliyoniletea imekufa kabla yangu."

Kicheko! Wazee wetu walicheka kuliko wao.

"Anasema, maneno yake ni mengi kuliko maziwa ya ng'ombe wake, na ng'ombe hana."

Nikazama kwa kiti.

"Anasema..." Mzee akavua kofia. Sikujua ana kipara. "Anasema, lakini tangu aanze kuja hapa, huyu mtoto anacheka hadi namsikia nikiwa huku jikoni. Nyumba iliyo na kicheko haioti ukungu. Mpeni tu. Lakini msimwachie redio."

Kwenye video ikasikika sauti ya Mama Winrose akisema, mama, uko kwa simu, uko kwa simu! Picha ikapinduka, ikazima.

Mama alitoa leso usoni. Alikuwa analia na kucheka pamoja. Alisema aliifuta kwa flashi siku ile ile aliyohamishia video, kwa aibu, wageni wasije kuona wakwe wakisemwa. Kibii akaeleza kwamba programu ile hurudisha hata vitu vilivyofutwa zamani na mwenyewe. Mzee Kimaiyo aliketi, akaweka kofia magotini. Akasema mama yake ameshajibu lile swali, na yeye hajawahi kumbishia akiwa hai, hataanza leo.

Winrose alikuja akaketi karibu nami. Alinifinya kwa nguvu sana, kwa hasira na kwa yale mengine. Mursik ikazunguka. Mzee aliponipa kibuyu aliniita Ngigi.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeamka mwepesi. Tulilala hapa hapa Njoro, kwa jirani yao.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Ukiliangalia vizuri, kama nisingefomati, Kibii asingetafuta. Asingetafuta, ile ya jikoni isingerudi. Kwa hivyo ni nani hasa aliyeleta baraka ya shosh? Sitasema. Mimi si mtu wa kujisifu. Kosa langu lilikuwa moja tu, kwenda kwa yule mathe wa mursik. Ningeenda kwa mathe wa mboga.

Mama mkwe amenisamehe kwa sharti. Nisiguse kitu chochote cha boma hili chenye tundu la flashi. Nimeapa mbele ya watu wote, mkono juu ya Biblia. Sharti zuri, la haki kabisa.

Trekta haina tundu la flashi.

Ni trekta ya Mzee, ile nyekundu. Kesho inabeba ngano ya kanisa, na asubuhi nilimsikia akilalamika kwamba haina nguvu siku hizi, inapanda mlima ikihema. Sasa, kuna video nimeiona kwa simu. Ukifunga sumaku kwa paipu ya dizeli, mafuta yanajipanga mstari na injini inapata nguvu maradufu. Ni sayansi. Jamaa wa video alikuwa na koti jeupe. Bando iliisha akianza kueleza sehemu ya pili, lakini ya kwanza niliielewa vizuri sana.

Sumaku nimezipata. Kuna spika kubwa mbili zimewekwa kwa stoo ya kanisa, hakuna anayezitumia siku za wiki.

Naandika nikiwa chini ya trekta. Mzee amelala baada ya chakula, kofia usoni. Paipu ni mbili, na moja nimeshaifungua kidogo ili sumaku ikae vizuri. Kuna kitu kinadondoka. Kibii amepita sasa hivi, bila tai kwa sababu ni Jumapili, akainama, akaniuliza niko huku nafanya nini.

Nimemwambia akamwite Mzee aje na wazee wote waliobaki. Nataka waione ikiwaka.